Sekunde Arobaini na Moja

Mama Saa alikuwa mtu wa kushuku, na wala hakuona aibu. Chumvi ikipungua jikoni, anauliza nani kaingia. Jirani akimsalimia mara mbili kwa siku moja, anajiuliza huyu leo ana shida gani. Mumewe, aliyeishi naye miaka kumi na sita, alikwisha kujifunza kutomletea zawadi bila sababu, maana mkoba mmoja tu aliomnunulia ulimletea maswali wiki nzima. Kwa hiyo Jumatatu ile, Daktari aliposoma matokeo ya utafiti mbele ya wafanyakazi wake wawili, Mama Saa alihisi kitu kikimtekenya nyuma ya shingo.

"Wavulana wamewapita wasichana kwa sekunde arobaini na moja," Daktari alisema. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi, na alikuwa na tabia ya kusema mambo makubwa kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. "Kwa wastani, mvulana anamaliza jaribio la sanduku kwa sekunde themanini, msichana kwa mia na ishirini na moja. Muhtasari nimeshaupeleka kwa bodi ya shule ya ufundi. Wanakutana Ijumaa."

Jedwali, mtu wa takwimu, aliitikia kwa kichwa huku akitafuna karanga. Mama Saa hakuitikia. Alijua bodi inakutana kufanya nini, mji mzima ulijua. Mpaka mwaka huo nafasi za darasa la mitambo ziligawanywa nusu kwa nusu. Sasa kulikuwa na wazo la kuwaachia wasichana nafasi tano, basi, wengine waelekezwe kwenye ushonaji. Wajumbe walikuwa wanangoja sayansi iwaambie kama wanakosea au hawakosei. Na kati ya majina ya wasichana walioomba darasa hilo, jina la kumi na nne lilikuwa la binti yake mwenyewe.

Huyo binti aliitwa Bisibisi tangu ana miaka minne, siku alipoifungua pasi ya baba yake na kuzipanga skrubu sakafuni kuanzia kubwa hadi ndogo. Sasa alikuwa na kumi na miwili. Alikuwa ameshafufua redio mbili, feni moja na kengele ya baiskeli ya mwalimu mkuu. Halafu leo mtu anakuja kumwambia mama yake kwamba wasichana wako nyuma kwa sekunde arobaini na moja. Aa wapi. Hapa pana mkono wa mtu, Mama Saa alijisemea, na huo mkono nitaukamata.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Jedwali, kwa sababu mtu anayecheka na kompyuta peke yake lazima ana lake. Alipotoka kwenda kunawa, Mama Saa alisogeza kiti na kumsubiri hapo hapo kwenye meza yake.

"Nionyeshe fomu," alimwambia aliporudi.

"Fomu zipi, mama?"

"Zote. Mia na ishirini."

Jedwali alimtazama, akaona huyu hatoki, akamletea boksi. Mama Saa alizipitia moja moja, akilinganisha kila karatasi na tarakimu za kwenye skrini, kuanzia asubuhi mpaka miguu ikamfa ganzi. Hakuna iliyobadilishwa. Kila sekunde ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake yeye, maana yeye ndiye aliyeshika saa kwa watoto wote, wavulana sitini na wasichana sitini. Ndipo jina lake lilipotoka. Kila mtu pale alisema hajawahi kuona kidole gumba chepesi kama kile, na yeye alikitunza kidole hicho kama fundi anavyotunza msumeno. Basi Jedwali akaponea hapo, ingawa alifokewa kwa kumwaga maganda ya karanga kwenye boksi la fomu.

Akahamia kwa seremala aliyetengeneza sanduku la majaribio. Sanduku lenyewe halikuwa na maajabu. Lilikuwa na vijiti saba upande wa mbele, na kando yake trei yenye magurudumu saba ya meno. Mtoto anatakiwa ayapange magurudumu kwenye vijiti mpaka mpini uzunguke na taa nyekundu iwake. Saa inaanza mtoto akiwa tayari, inasimama taa ikiwaka. Je, isingewezekana yakawepo masanduku mawili, moja gumu na moja laini?

"Dada yangu," seremala alisema bila kuacha kupiga randa, "hilo moja tu nimelipwa nusu. La pili ningelitengeneza kwa mapenzi?"

Akabaki Daktari. Na hapo Mama Saa aliumia kweli, kwa sababu Daktari alikuwa mwanamke mwenzake, aliyesoma akiwa peke yake katika darasa la wanaume, na mara nyingi alisimulia walivyomcheka. Labda ndiyo maana, Mama Saa aliwaza. Wako watu wakishapanda ngazi hawataki mwingine aiguse. Jumanne asubuhi alimfuata ofisini, akasimama mlangoni na mkoba begani kama mtu aliyekwisha kuacha kazi.

"Hawa watoto uliwachaguaje?"

"Kwa kura, shule zile zile, madarasa yale yale," Daktari alijibu. "Karatasi za kura ulizikunja wewe mwenyewe. Una wasiwasi gani, mama?"

"Sina wasiwasi. Nauliza tu."

Daktari alivua miwani. "Kama una shaka, video zipo. Tuliwarekodi wote, hakuna aliyewahi kuzitazama kwa sababu saa yako ilitutosha." Akafungua droo, akampa ufunguo wa chumba cha mashine.

Alimpa upesi mno. Mtu asiye na la kuficha angeuliza kidogo, angesita sita. Mama Saa aliuchukua ufunguo akiwa na hakika kwamba video za maana zimeshafutwa.

Hazikuwa zimefutwa. Chumba cha mashine kilikuwa kidogo, dirisha moja, kiti kimoja kinacholia kila ukiegemea. Akakaa na saa yake ya kubonyeza, daftari na chupa ya maji, akaanza na mvulana wa kwanza. Alikuwa akimtafuta Daktari. Alitaka kumwona akikonyeza, akinong'ona, akisogeza gurudumu kwa kiwiko. Daktari hakuonekana hata mara moja. Kamera ilinasa mtoto, meza, sanduku, na sauti moja tu ya mtu mzima.

"Karibu, bwana mkubwa," ilisema sauti hiyo. "Sogea hapa. Hee, umeshaanza kuchokonoa? Haya, tulia kwanza. Tulia, baba." Mvulana alikuwa ameshatwaa magurudumu mawili, analizungusha hili, analipachika lile, anaona halikai, analitoa. Sauti ikacheka. Sekunde zikapita. Hatimaye mkono ukaingia kwenye picha, ukarudisha magurudumu kwenye trei. "Sasa uko tayari? Haya, anza."

Mama Saa aliifahamu sauti hiyo, maana ilikuwa yake, lakini hakuona ubaya. Mtoto hajatulia, utampimaje? Akaweka msichana.

"Karibu, mwanangu. Kaa vizuri. Mikono mapajani." Msichana akakaa vizuri, mikono mapajani. "Uko tayari? Anza."

Akasimamisha video. Akarudia. Akaenda kwa mvulana mwingine, halafu msichana mwingine. Akachukua saa yake, na safari hii hakubonyeza pale sauti iliposema anza. Alibonyeza pale mkono wa mtoto ulipogusa gurudumu kwa mara ya kwanza. Alifanya hivyo siku hiyo na siku iliyofuata, watoto wote, hakula cha mchana. Jumatano alasiri alipiga hesabu mara tatu. Wavulana na wasichana walipishana kwa sekunde mbili.

Sekunde mbili. Zile nyingine thelathini na tisa alikuwa nazo yeye. Kila mvulana alimpa muda wa kulichezea sanduku, akauita utundu. Kila msichana alimkata muda huo huo, akauita utulivu. Hakuna aliyemtuma. Kwenye fomu, juu kabisa, palikuwa na sentensi moja: "Saa ianze mtoto akiwa tayari." Daktari aliiandika, Jedwali aliipitisha, yeye aliifuata miezi minne, na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza tayari ni kuwa vipi, kwa sababu wote watatu walidhani wanajua.

Bado alitafuta pa kujificha. Labda wasichana wenyewe ndivyo walivyo, alijisemea, wamezaliwa na subira. Akarudi nyuma kuwatazama tena, na safari hii aliitazama mikono. Wasichana ishirini na watatu walikuwa wamenyoosha mkono kuelekea kwenye trei kabla ya kuambiwa. Wote ishirini na watatu aliwazuia. Wavulana hakuzuia hata mmoja kabla hajashika.

Mwishoni mwa faili palikuwa na video moja isiyo na namba. Aliifungua kwa sababu alikuwa mtu wa kufungua kila kitu. Ilikuwa ya siku ya kulijaribu sanduku kabla utafiti haujaanza, siku aliyomleta mtoto wa nyumbani ili azoee kubonyeza. Bisibisi aliingia kwenye picha akiwa na sare ya shule, akaliona sanduku, uso ukamfunguka kama amemwona rafiki yake wa zamani. Mkono ukaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la tatu, lile kubwa, ambalo kila aliyeanza nalo hakukwama.

"We," sauti ikasema. "Mikono chini. Kaa kama mtoto wa watu."

Mkono ukarudi. Uso nao ukarudi mahali pake.

Mama Saa alilia pale pale, peke yake, kiti kikilia naye. Alilia kwa hasira, na hasira hiyo haikuwa na mtu mwingine wa kwenda kwake. Siku tatu alikuwa akisaka mkono wa mtu, kumbe ameubeba mwenyewe.

Jioni hiyo alimwambia Daktari kila kitu, amesimama, bila kupamba. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Muhtasari umeshafika kwao," alisema. "Mwenyekiti ameshaitaja ile arobaini na moja mbele za watu." Kisha akasema, "Niache nifikirie."

Mama Saa alikwishawasikia watu wengi wakiomba kuachwa wafikirie, na mambo yao yakafia hapo hapo. Alitoka akiwa ameamua. Ijumaa alivaa nguo yake ya heshima, akaweka video zote kwenye kifaa kidogo, akakificha ndani ya mkoba chini ya kitambaa, kana kwamba kuna mtu angempokonya njiani.

Lakini alipofika kwenye ukumbi wa shule ya ufundi, Daktari alikuwa ameshafika, anachomeka nyaya za kuonyeshea picha ukutani. Alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hakulala.

"Sentensi ile niliiandika mimi," alisema bila kugeuka. "Ulidhani nitakuacha uje peke yako?"

Ndivyo alivyodhani hasa. Akamsaidia kushika waya.

Wajumbe wa bodi walikuwa saba. Mwenyekiti alikuwa bwana mnene, mpole, anayewaita watu wote wazazi wangu hata wasio na watoto. Alimsikiliza Mama Saa kwa adabu mpaka akamaliza, akaigeuza karatasi iliyokuwa mbele yake.

"Mama, samahani kwa swali langu. Hapa namba kumi na nne. Huyu si binti yako?"

"Ndiye."

"Na wewe leo unakuja kutuambia kwamba matokeo yanayomzuia binti yako yamekosewa, na aliyekosea ni wewe." Akatazama kushoto na kulia, wenzake wakatikisa vichwa. "Sasa unataka tukuelewe vipi?"

Mama Saa alimwelewa kabisa. Angekuwa amekaa upande ule wa meza angemfukuza mtu kama yeye kabla hajafika kwenye kiti. Alikuwa ameshikwa na dawa yake mwenyewe, na akaona nafasi ya mwanawe inayeyuka mbele ya macho yake kwa sababu mama yake ndiye aliyeisemea.

"Msinielewe," alisema. "Mimi mwenyewe nisingejiamini. Toeni simu zenu, mfungue saa za kupimia. Mtapima ninyi."

Daktari aliondoa sauti kwenye video. Mama Saa akaeleza: mtoto atatokea ukutani, mbonyeze mnapomwona yuko tayari, mbonyeze tena taa ikiwaka. Hilo tu.

"Umechagua watoto wanaokufaa," alisema mjumbe mmoja.

"Chagua wewe, baba. Taja namba."

Akataja kumi na saba. Kumi na saba akawa mvulana. Wajumbe saba waliinamia simu kama wanafunzi kwenye mtihani. Mvulana alivamia trei, akachezea magurudumu, mmoja wa wajumbe akatabasamu, mkono wa Mama Saa ukaingia ukayarudisha, mvulana akanyooka, na vidole vikabonyeza. Mwenyekiti mwenyewe akataja ya pili, hamsini na mbili. Akawa msichana. Akaketi, akaweka mikono mapajani, na vidole vikabonyeza hata kabla hajapepesa macho.

"Someni," Mama Saa alisema.

Mwenyekiti alisoma ya kwake. Mvulana sekunde sabini na tisa. Msichana mia na ishirini na nne. Aliyefuata alikuwa hivyo hivyo, na wa tatu, na mama mmoja mkutubi wa maktaba, ambaye alisoma zake kwa sauti ya chini kuliko wote. Wa mwisho alikuwa fundi umeme mstaafu aliyekaa pembeni, mzee asiyesema sana.

"Mia na ishirini na mbili," alisoma. "Na msichana mia na kumi na tisa."

Wote wakamgeukia.

"Wewe ulibonyeza lini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Alipogusa. Anayekishika chombo ameshaanza kazi. Mlikuwa mnangoja nini?"

Mwenyekiti aliitazama simu yake, akaitikisa, akaitazama tena. Akataka video nyingine mbili, kisha mbili nyingine, na kila mara mzee wa umeme alipata yake na wao wakapata ile ile yao. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusoma tena. Hapo Daktari akawasomea barua yake ya kuuondoa muhtasari, na mwishoni alikuwa ameandika majina mawili ya waliokosea, lake likiwa la kwanza.

Uamuzi ulitoka saa saba mchana: nusu kwa nusu kama zamani, mitihani ya kuingia iendelee Jumatatu, na msimamizi awe mtu asiye na mtoto pale. Mwenyekiti alipompa Mama Saa mkono alikuwa bado anamtazama kwa jicho la pembeni, na Mama Saa alimheshimu kwa hilo.

Utafiti nao ulianza upya, na saa akapewa mtu mwingine. Atakaa nyuma ya pazia, ataona sanduku na mikono tu, hatamwona mtoto, na saa itaanza mkono ukigusa gurudumu. Mama Saa alihamishiwa kwenye kuita majina. Ile saa yake ya zamani, iliyokuwa imeanza kukwama kitufe, Daktari alimwachia aende nayo nyumbani.

Jumapili jioni aliiweka mezani mbele ya Bisibisi. Alikuwa amekusudia kumweleza yote, habari za sanduku na mikono chini, akaona maneno hayakai sawa mdomoni.

"Kitufe kinakwama," alisema. "Ni yako."

Bisibisi aliigeuza, akaisikiliza sikioni, akaikuta skrubu ndogo ya nyuma. Akatoa kifuko chake cha vifaa, akachagua bisibisi nyembamba kuliko zote, akaiweka kwenye tundu la skrubu, ikakaa sawasawa. Halafu akasimama hapo hapo, hakuizungusha, akainua macho.

"Nianze?"

Mama Saa aliisikia sauti yake mwenyewe katika swali hilo. Alitaka kusema anza, na hata neno anza lenyewe likamwia gumu, maana lilikuwa lile lile la kwenye video. Mtoto alikuwa ameshaanza. Mtoto alikuwa ameanza miaka minane iliyopita kwenye sakafu ile ile, na bado alikuwa anamngoja.

"Usiniulize mimi," alisema.

Bisibisi aliendelea kumtazama, jicho moja amelifinya kidogo, kwa shaka. Jicho hilo Mama Saa alilijua, alikuwa akiliona kila siku kwenye kioo. Mtoto alikuwa anajiuliza mama yake leo anataka nini.

Basi Mama Saa akavuta kiti, akakaa vizuri, akaweka mikono mapajani.